Mstari wa Mbili Nukta Tisa

9 Februari

Shangazi,

Leo naanza na jambo lenyewe kabla ya salamu. Najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, nitafunga bahasha, na jambo litabaki kifuani. Vipande sitini na tatu vya moyo nilivyovipima mwezi wa tisa na wa kumi nilivipima vibaya. Utaratibu niliujua, nikauruka, na kwenye daftari nikaandika kwamba nimeufuata. Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ni wa kwanza, na kwenye simu nisingeweza, unajua jinsi ninavyokauka.

Sasa shikamoo. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi ya njano, kwa hiyo asubuhi nadhani kuna jua hata kama halipo. Mwenye nyumba ni mwema, ila anagonga mlango baada ya kuingia. Msalimie bibi na macho yake, msalimie mama, na mwambie mdogo wangu kwamba kalamu zangu za rangi nimezihesabu kabla ya kuondoka.

Nikueleze kazi, uone kosa liko wapi. Asubuhi moyo wa ng'ombe unaletwa kutoka machinjioni ndani ya ndoo ya barafu. Nakata vipande vya unene wa kidole, navitumbukiza kimoja kimoja kwenye tangi la kioo lenye maji. Upande mmoja kuna kichwa cha mashine kinachotuma altrasaundi, sauti kali kupita uwezo wa sikio, upande wa pili kuna kingine kinachoipokea. Sauti ikiingia kwenye nyama inachoka. Sehemu inageuka joto, sehemu inatawanyika, inayotoka upande wa pili ni dhaifu. Napima imedhoofika kiasi gani kwa kila sentimita, naandika namba. Msuli mzima unachosha sauti kidogo. Msuli wenye makovu unaichosha sana. Ndiyo maana namba hiyo inaweza kumwambia mtu kama moyo wake umeanza kuharibika hata kabla picha haijaonyesha.

Lakini hewa ni adui. Nyama ikishakatwa inabaki na viputo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kiputo kimoja kinakula sauti kuliko nyama inayokizunguka. Kwa hiyo kila kipande lazima kikae saa nzima kwenye mtungi wa pampu inayonyonya hewa.

Pampu iko karakana. Na karakana, Shangazi, wanakaa mafundi watatu, na meza yao ya chakula wameiegemeza kwenye pampu yenyewe. Mimi wamenipa jina Redio, kwa sababu siongei. Nikiingia tu, mmoja anauliza kama leo Redio ina betri, mwingine anasema mpige kofi mgongoni labda itashika stesheni. Wala si watu wabaya. Lakini ili nifungue mtungi, ilibidi niwaombe wasogeze sahani zao, na mimi nikifungua mdomo mbele yao hakitoki kitu. Siku ya kwanza niligeuka mlangoni. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nikajiambia kipande kikikaa kwenye maji kwa muda na nikikigongagonga, viputo vitatoka vyenyewe. Nikafanya hivyo wiki tano.

Nimejua mwezi uliopita tu. Daktari, mkuu wetu, ambaye si daktari wa wagonjwa bali wa mitambo, aliniomba nirudie vipande viwili ili awaonyeshe wageni. Siku hiyo mafundi walikuwa nje, karakana tupu. Nikatumia pampu. Namba ya msuli mzima, ambayo mimi niliandika mbili nukta tatu, ikashuka hadi moja nukta sita. Nikarudia. Moja nukta sita.

Daktari alishachora mstari kwa namba zangu: chini ya mbili nukta tisa mtu ni mzima, juu yake ni mgonjwa. Moyo ulio kifuani hauna viputo vile, kwa hiyo mstari huo umekaa juu mno. Mstari huo uliingizwa kwenye mashine mpya za majaribio, na mashine zikaenda hospitali tatu toka mwezi wa kumi na mbili. Nimeona orodha. Moja ni ya kwenu.

Je, wewe ndiye unayeitumia? Na Baba hajambo? Jumapili alinipigia akakata haraka.

Mwanao

* * *

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa. Karatasi ilikuwepo, kalamu ilikuwepo, mwandishi ndiye alikuwa haonekani.

Huku tunaendelea. Bibi yako amefanyiwa jicho la kushoto, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba mimi nimezeeka. Amekisema mara tatu kwa siku nne. Mama yako ana kazi ya sare za shule mia na ishirini, nyumba nzima imejaa mikono ya mashati, ukikaa kochini unakaa juu ya kola. Mdogo wako amepoteza kalamu mbili za rangi lakini anasema ni moja. Hospitali wamepaka korido yetu rangi ya kijivu, wagonjwa wanauliza kama kuna msiba.

Mimi mgongo unanisumbua kidogo, ni kuinamia kitanda cha kupimia kutwa nzima, mkono mmoja jeli, mkono mmoja vitufe. Si jambo la kuandikia barua.

Yako nimeipata. Nimeisoma mara moja, nikaiweka chini ya nguo kabatini. Mashine hapa ni nyingi na kila mwezi wanaleta nyingine, sijui unaisema ipi. Wewe kazi yako ifanye vizuri kuanzia sasa. Usilie mbele za watu na usiende kujieleza kwa mtu kabla hujaniuliza. Bado mdogo, una miaka kumi na minane, jina lako ndiyo kwanza linaanza kuandikwa mahali. Kosa lililokaa kimya miezi mitano linaweza kukaa kimya zaidi.

Baba yako hajambo. Yuko kazini kutengeneza lifti kama kawaida. Lifti za mji huu hazijaacha kuharibika, kwa hiyo mkate upo.

Kula vizuri. Mwenye nyumba mnunulie kengele.

Shangazi yako

Kabla sijasahau. Kama mtu amepimwa akasomeka mbili nukta sita, kwa hesabu yenu ya kweli angeangukia upande gani? Nauliza kwa kujifunza tu.

* * *

27 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kwa jicho la bibi. Mwambie mimi nakuona wewe hujazeeka, na mimi macho yangu ni mapya kuliko lake. Kalamu ni mbili, nilijua.

Umeuliza kwa kujifunza, nami nakujibu hivyo hivyo. Nimerudia vipande kumi na viwili, siku za Jumamosi mafundi wanapokuwa hawapo, vyote kwa pampu. Mstari wa kweli uko kwenye mbili nukta moja. Mtu wa mbili nukta sita si kwamba yuko karibu na mstari, Shangazi. Ameuvuka zamani. Msuli wake una makovu ya kutosha kunyonya sauti kama mchanga unavyonyonya maji. Juu juu anaweza kuonekana mzima, anacheka, anakula. Lakini akipandisha mzigo au ngazi moyo unafanya kazi ya watu wawili.

Kipo kitu ambacho Daktari anapenda kukisema: sauti haidanganyi, inachoka tu. Mimi ndiye niliyeidanganyia.

Sasa nami nakuuliza. Mtu wa mbili nukta sita ni nani? Hukuniambia kama unatumia mashine ile. Uliniambia mashine ni nyingi. Na kuhusu Baba uliandika sentensi tatu, na katika hizo tatu lifti zina mbili.

Alinipigia tena Jumapili. Alikuwa ananieleza habari ya mota mpya, akafika katikati ya neno akanyamaza. Nikahesabu hadi tisa ndipo akamalizia. Akasema alikuwa amebeba kitu. Nikamuuliza kitu gani, akasema simu.

Nimefika mlangoni kwa Daktari mara tatu. Kila mara aliniona akaniuliza kama nahitaji kitu, nikasema gundi. Sasa nina gundi tatu mezani.

Tafadhali usichelewe kama mara iliyopita.

Mwanao

* * *

30 Aprili

Mwanangu,

Sote wazima, mama yako amemaliza sare, bibi anasubiri jicho la pili ili anione vizuri zaidi. Barua hii ni fupi kwa sababu naiandikia chumba cha kupimia, na nje kuna watu kumi na mmoja kwenye benchi.

Ndiyo, naitumia mimi. Toka Desemba mpaka siku niliyosoma barua yako nilikuwa nimewapa watu ishirini na sita karatasi ya uzima. Toka Machi nimewaita mmoja mmoja. Nawaambia picha zao zimefutika, mashine ilikuwa ngeni, samahani kwa usumbufu. Nawapima kwa ile ya zamani, na daktari wa moyo anaangalia akidhani ni kazi ya kila siku. Wengi ni wazima kweli, shukuru. Wanne si wazima. Wanapata dawa.

Sijamwambia mkubwa yeyote kwa nini nawaita. Nikisema, watauliza nimejuaje, na nikisema nimejuaje jina lako litakaa kwenye faili. Nimelea watoto wa kaka yangu kama wangu, siwezi kuwa mimi ninayekuandika kwenye faili.

Amebaki mmoja. Nimemtumia ujumbe, nimempigia, nimemwendea. Anacheka. Ana kile kiburi cha mtu aliyepewa karatasi. Ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa, anawaonyesha wenzake wakimwambia apumzike. Nitampata. Usiniulize jina lake.

Na gundi rudisha, wenzako wasije wakafikiri unajenga nyumba.

Shangazi yako

* * *

6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Huku wazima. Mvua imenyesha na ukuta wa njano umekuwa wa kahawia.

Sanduku la vifaa. Umeniambia nisiulize jina, kisha ukaandika sanduku la vifaa. Mimi ndiye niliyekuwa nalipanga sanduku hilo kila Jumamosi toka nina miaka sita. Najua bisibisi ya nyota inakaa upande gani. Najua kifuniko kina nafasi ya karatasi moja tu, na zamani ilikuwa picha yetu.

Nimekaa na barua yako saa nzima ya chakula. Kisha nimeinuka nikaenda kwa Daktari na daftari mkononi, na safari hii sikuomba gundi. Nikamfungulia kurasa. Nikamwambia hizi zote hazikupita kwenye pampu.

Aliuliza, “Zote sitini na tatu?”

“Zote.”

“Pampu ilikushinda, na hukuja kuniambia?”

“Pampu haikunishinda. Walinishinda watu.”

Nilitegemea atanifukuza, nilishafikiria hata begi langu nitalipakia vipi. Badala yake akafungua kalamu nyekundu akaanza kufuta, ukurasa kwa ukurasa. Chini ya kila ukurasa kuna sahihi yangu na chini ya yangu kuna yake. Alifuta yake kwanza. Akaniambia hakuwahi hata siku moja kusimama karibu nami nikipima, alikuwa anasaini huku anaongea na simu. Halafu akasema habari ya mimi na yeye itangoje, kwanza tujue ni nani wameshapita chini ya mstari ule.

Jioni hiyo hiyo barua zimekwenda hospitali zote tatu kwamba mstari ufutwe na watu warudiwe. Kwa hiyo kwenu wameshajua, au watajua kesho. Na wakitazama tarehe wataona ulianza kuwaita watu Machi. Nisamehe, Shangazi. Uliniambia nisiende kwa mtu kabla sijakuuliza. Nilijua nikikuuliza utanikataza.

Baba mpeleke. Mfungie mlango, mwambie bibi ameanguka, mwambie chochote.

Mwanao

* * *

2 Juni

Mwanangu,

Salamu za wote. Mdogo wako amekuwa wa tatu darasani na ametangaza kwamba wawili wa mbele waliibia. Bibi sasa anaona kwa macho yote mawili na amepunguza maneno, nadhani amekubali nilivyo.

Niliitwa kwa mganga mkuu. Walikuwa wanne nyuma ya meza, mimi kwenye kiti cha plastiki. Waliuliza barua yangu ya kuomba ruhusa ya kuwaita wagonjwa iko wapi. Haipo. Waliuliza nilijuaje. Nikasema namba hazikunikaa vizuri. Hawakuamini, lakini jina lako halikutoka mdomoni mwangu. Kama limetoka, limetoka kwa Daktari wako. Wamenihamishia chumba cha mafaili, siku tatu kwa wiki, na siku mbili nabaki kitandani pa kupimia kwa sababu hawana mwingine. Ndiyo hivyo. Sijafa.

Ila kuna kitu nilikuandikia vibaya. Nilisema wanne wanapata dawa. Watatu ndio wanaopata. Wa nne alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitabu, mwenye sauti nene, aliniletea daftari la bure nilipompa ile karatasi ya uzima. Nilimrudia Aprili, tukampangia siku ya kuanza matibabu. Hakuifikia. Daktari wa moyo anasema hata angejulikana Desemba, huenda isingesaidia. Anasema huenda. Sikutaka ulijue hili, lakini umekwenda mwenyewe kwa mkubwa wako ukasimama, basi huwezi kuwa mtu wa kufichwa.

Baba yako. Nilimfuata kazini, jengo la benki, yuko juu chumba cha mota. Lifti imekufa, nikapanda ngazi za ghorofa saba mimi na mgongo wangu. Nikamwambia picha zimeharibika, aje dakika ishirini tu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo. Hakusimama kunisalimia, yeye ambaye akiniona husimama hata akiwa anakula. Akaniambia, “Dada, wewe mwenyewe uliniambia mzima. Sasa unataka nikuamini siku ipi, ile au leo?” Jibu nilikuwa nalo, sikulisema. Ningemwambia kwamba siku ile nilikuwa nasoma mstari wa mtoto wake?

Jumatatu iliyopita ameondoka. Amepata kazi ya lifti mbili kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, mji wenu huo huo. Ameniapisha nisikuambie habari ya kupimwa tena. Hajasema anaumwa, amesema nisikuambie. Basi mimi sijakuambia kitu.

Toka siku ile silali vizuri. Nikiona jina lake kwenye simu, nasubiri iite mara tatu kabla sijapokea.

Shangazi yako

* * *

19 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka, wamesema siku tatu, kwa hiyo salamu leo nazikunja ndogo. Nisalimie wote. Habari ya mama wa duka la vitabu nimeipokea. Sijui niiweke wapi. Nimemuuliza Daktari kama naweza kuendelea kufanya kazi, akasema hilo ni swali langu, si lake, na moyo wa kesho umeshaagizwa. Naendelea. Sasa anasimama karibu nikipima.

Baba alinipigia Jumamosi kwamba yuko mjini na ana kazi nyingi, atanitembelea mwisho wa mwezi. Sikungoja. Jumanne saa ya chakula nilitafuta jengo lenyewe. Mlinzi akaniambia fundi yuko juu, lifti hazifanyi kazi, ndiyo maana yuko hapa. Nikapanda.

Sikufika juu. Nilimkuta kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, amekaa kwenye ngazi, mkoba wa vifaa pembeni, kiganja kimeshika ukuta kana kwamba anauzuia usianguke. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilidhani atashtuka. Alinitazama tu, akasogea kidogo nipate pa kukaa.

Akasema, “Nahesabu ngazi. Mkandarasi anasema ni mia mbili, mimi naona ameiba kumi.”

Nikakaa. Niliyatayarisha maneno njia nzima, lakini nilipomwona yakapotea, nikabaki na lile lenyewe. Nikamwambia, “Baba, ile karatasi si kweli. Mstari alioutumia Shangazi niliuharibu mimi.”

Hakuniuliza mstari gani. Nikamweleza pampu, mafundi, sahani, wiki tano. Nikamwambia na habari ya mama wa duka la vitabu. Alisikiliza huku akivuta pumzi kwa mafungu, kama mtu anayekunywa kitu cha moto. Nilipomaliza akasema alishajua.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema mota ikianza kuvuta kwa shida, fundi anaisikia kwa mkono kabla kipimo hakijasema. Siku ile ya Desemba alikwenda kwako kwa sababu alikuwa ameshaisikia. Alipolala kitandani alikuwa anangoja tu umwambie. Badala yake ukamwambia mzima, ukaketi kwenye kile kistuli chako, ukalia ukishukuru, na jeli mkononi.

“Shangazi yako halii,” akaniambia. “Hata kwa msiba wa babu yako hakulia. Nikaona nikimwambia mbona bado sipumui, nitamnyang'anya furaha ile. Nikachukua karatasi.”

Ndiyo maana alikukatalia, Shangazi. Maneno yale aliyokurushia juu kwenye ndoo aliyachagua makusudi, uondoke na hasira. Anasema akirudi kitandani ukaukuta ubovu, utajua ulikuwepo siku ile, na utajua ulimtuma kaka yako kwenye ngazi miezi sita. Anasema utaacha kazi. Hajui kwamba unajua toka Machi. Anadhani umekuwa na wasiwasi tu wa kidada.

Hapo nikafanya kitu ambacho sijawahi kumfanyia. Nikamwambia hapana. Nikamwambia sitaondoka kwenye ngazi ile mpaka aseme siku. Akasema naongea sana kwa mtu anayeitwa Redio. Jina hilo nilikuwa nimemtajia muda ule ule. Nikamwambia aseme siku. Watu walipita, mmoja na kiti kichwani, tukawapisha. Saa yangu ya chakula ikaisha. Yeye akatazama juu, kwenye ghorofa saba zilizobaki, akatazama kwa muda, kisha akaufunga mkoba.

Anakuja Alhamisi ijayo, tarehe 26, asubuhi, siku yako ya kupima. Jumatano atakuwa kwenye basi. Ametoa sharti moja. Atakuambia kimeanza juzi, kwenye ngazi za mji huu, kwa sababu ya vumbi la ujenzi. Atakuambia kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa kama ulivyomwandikia. Mimi nimekubali kuwa shahidi wake.

Usiku ule alilala kwangu, mwenye nyumba akanipa godoro. Ni ghorofa mbili tu kufika chumbani, alipumzika mara tano. Maabara iko mtaa wa pili na funguo ninazo, ningeweza kumpeleka. Nimepima mioyo mia na zaidi na sikuweza kuupima wake. Nililala nikimsikiliza akivuta pumzi, na kila iliponyamaza nilihesabu. Mara moja nilifika kumi na nne.

Sijui kama atazifika siku saba hizi. Nimemwomba aende leo, amesema lazima afunge waya wa lifti ya kwanza, hawezi kuuacha unaning'inia juu ya watu. Nimemnyang'anya mkoba, amenicheka, amesema ana mwingine.

Shangazi, hii nakuomba kuliko yote niliyokuomba. Akija, mkaripie kwa vumbi. Muulize kimeanza lini na umwamini. Ukimpaka jeli na kuona kile ambacho sisi wawili tunajua utakiona, shtuka, kana kwamba ndiyo kwanza. Daktari wa moyo amtibu, lakini kwamba tulijua kabla asijue, mama asijue, bibi asijue. Na zaidi ya wote Baba asijue kwamba unajua. Barua hii usiiweke chini ya nguo. Ichane, na hii siri ikae kwako.